Ile Kitu

Kemunto ameketi juu ya kreti ya oili, nyuma ya kaunta,
daftari magotini. Mwalimu wamepewa neno moja la Kiingereza,
la herufi tano, linaloanza na ulimi katikati ya meno
na kuishia puani. Walitafutie visawe kumi, kwa lugha yoyote ya nyumbani.
"Kwa Kiswahili ni kitu, Shangazi," ananieleza,
kana kwamba sijauza vitu hapa Barabara ya Kirinyaga
miaka kumi na tisa.

Nikamwambia: nyamaza, sikiliza kaunta.

Anaingia fundi Odemba, grisi hadi viwikoni:
"Siz, nipe ile kitu ya kushika ile kitu ya stiarini."
Nampa boltojointi. Haulizi bei.
("Kile kitu," Kemunto anamsahihisha kwa sauti ya shule.
Odemba anacheka. Jiji hili, kitu ni *ile*,
na gari litatengenezwa vivyo hivyo.)

Kijana wa pikipiki, kofia ngumu kwapani:
"Kuna dude huku chini linalia ngwe-ngwe nikikata kona."
Beringi. Droo ya nne, chini ya plagi.
Mama mwenye jenereta ya kinyozi anachora hewani kwa kidole
kiduara, halafu mkia. "Kinanii. Si unajua kile kinanii?"
Najua. Oili sili, mia na hamsini.

Dude, anaandika. Kidude. Nanii.
Anauliza kama nanii ni neno.
Namjibu, nanii ni kiti
anachoachiwa neno lililokwenda msalani.

Saa nne askari wa kaunti anaegemea mlango,
anasifu rafu zangu, anaulizia leseni, anakohoa.
Huyu hachori. Anataka kitu, tena kidogo,
na hicho hakina droo, hutoka mfukoni mwa aproni.
"Niandike?" Andika. La, futa.

Jirani yangu Bi Mwanakheri, mshonaji viti vya magari,
ukimkanyaga mguu husema, si neno.
Kwao Lamu neno lenyewe ni kitu, jambo ni kitu,
na mtu akiwa na kitu, basi ana pesa.
Kemunto anahesabu kwa vidole vyenye wino. Saba. Nane.

Sijamwambia kuhusu Jumanne.

Jumanne daktari aliinua picha ya kifua cha Nyang'au
akaibandika penye mwanga, akaitazama
jinsi ninavyotazama spea ya gari nisilolijua.
"Kuna kitu hapa," akasema.
Mimi, ninayeitambua nati kwa mlio wake ikidondoka sakafuni,
nikauliza, kitu gani?
Kitu, akasema. Akachora hewani kwa kidole
kiduara. Hakikuwa na mkia.
Turudi Alhamisi ya wiki ijayo, na risiti, kabla ya saa mbili.

Nyang'au alifunga vifungo vya shati, akakosea kimoja,
akanitazama. "Si kitu," akasema.
Tukanunua machungwa langoni. Alikula mawili, akalalamika kuhusu mbegu.

Wahenga walisema lisemwalo lipo.
Hawakutuambia la kufanya na lile
ambalo hata daktari anatembea pembeni yake.

"Tisa," anasema Kemunto. "Bado kimoja, Shangazi.
Wewe unavijua vyote, nisaidie."

Nikageukia droo. Nikaanza kutafuta plagi
ambayo hakuna mtu aliyeniomba,
nikiitisha mkono kutoka kisanduku hadi kisanduku,
hadi mteja mwingine akasimama mlangoni, akakuna kichwa,
akasema, "Mama, sijui hata inaitwaje."

Njoo, nikamwambia. Njoo unichoree.